Nimelipa 3,500 nikaambiwa nisilipe milioni mbili

Nyota nne kati ya tano. Ya tano imeangukia mapokezi, nitaeleza kwa nini.

Kliniki iko Malindi, juu ghorofani, chini yake duka la vipuri vya pikipiki. Jina silitaji. Lamu ni mji wa vichochoro. Nikiandika jina na siku niliyokwenda, kabla ya adhana ya magharibi mtaa wote wa Langoni utakuwa umeshajua ni mke wa nani na yai lake lina nini.

Nilichonunua pale si dawa wala sindano. Nilinunua saa moja ya maneno na daktari wa uzazi, shilingi 3,500, zikalipwa kwa M-Pesa kabla hata sijakaa kitako. Nimewahi kununua vitu vingi ghali zaidi katika safari hii ya kutafuta mtoto. Sijapata kununua chenye faida kama hiki.

Nina miaka 41. Nashona kofia za vito, zile za vitobo, kazi niliyofundishwa na bibi yangu nikiwa na miaka 15. Mume wangu ni mtu wa bahari. Tumejaribu IVF, yai kurutubishwa nje ya mwili, Mombasa mara mbili. Mara ya kwanza yalitoka mayai saba, matatu yakashika mbegu, hakuna lililovuka siku ya tatu. Mara ya pili yakatoka manne, likapandikizwa moja, na baada ya siku kumi na nne nikapimwa damu nikaambiwa hakuna kitu. Mara hiyo ya pili ndiyo iliyokula mashine ya boti, Yamaha ambayo mume wangu alikuwa hajamaliza hata kuilipia vizuri. Hakunilaumu. Alinambia tu, "Bahari haihami," akaenda kuvulia boti ya ndugu yake.

Baada ya hapo ndipo akaja yule kijana wa WhatsApp. Alijiita mshauri wa wagonjwa, yuko Nairobi, anaunganisha watu na kliniki ya ng'ambo. Sauti yake tamu, "dada yangu" kila sentensi mbili. Akanitumia kijitabu cha kurasa kumi na moja chenye picha za akina mama wa Kizungu wamekumbatia watoto, na maneno mazito: kuhamisha kiini, kulihuisha yai, kulirudishia yai ujana wake. Bei dola 15,000, bila nauli, bila malazi. Kwa pesa zetu inagonga milioni mbili bila kidogo. Tukawa tumeshaanza kuuliza bei ya kiwanja cha mume wangu kule Hindi, hapa hapa Lamu upande wa bara.

Dada yangu anayeishi Malindi ndiye aliyesema, "Kabla hujauza ardhi, nenda kamuone fulani."

Basi. Boti ya alfajiri hadi Mokowe, basi, vizuizi vya polisi, kitambulisho nje, kitambulisho ndani, Witu, Garsen, nikaingia Malindi mgongo umekufa ganzi. Miadi yangu ilikuwa saa tano. Niliitwa saa nane kasorobo. Feni moja, viti kumi, magazeti ya Kitaliano ya miaka ya nyuma (Malindi hiyo), na choo hakina maji. Ndoo iko nje, ukaombe kopo kwa yule msichana wa mapokezi.

Na huyo msichana sasa. "Mama nani?" akaniuliza kwa sauti ya kunadi samaki. Nikamwambia jina langu. "Eeh, lakini mama nani?" Mbele ya watu wanane. Mtu ameketi kwenye kliniki ya wasiopata watoto, wewe unamuuliza mama nani! Halafu akasoma kwenye kompyuta, "Ni wewe wa mayai?" Nyota moja imeondoka papo hapo, na kama si yaliyofuata zingeondoka mbili.

Daktari ni mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani, sauti ya taratibu. Neno lake la kwanza: "Karibu. Nikuite nani?" Nikamwambia. Akaniita vivyo hivyo mpaka mwisho, bila kubandika kitu mbele.

Akaomba makaratasi yangu ya Mombasa, akayasoma yote, kimya, kama dakika kumi. Kisha akauliza hao wa ng'ambo wanataka kufanya nini hasa. Nikamsomea kwenye simu: kiini cha yai lako kitahamishiwa ndani ya yai changa lenye nguvu.

"Yai changa la nani?"

Nikanyamaza. Nikakipekua kijitabu ukurasa kwa ukurasa. Kurasa kumi na moja, "yai changa" imetajwa tele, "ute mpya" imetajwa, "nishati" imetajwa, na hakuna popote palipoandikwa kwamba hilo yai limetolewa kwenye mwili wa mwanamke mwingine. Utadhani yanaokotwa ufukweni kama kome.

Akachukua boksi la glavu, akalipasua, akachora kwa ndani duara mbili kubwa. Katika kila duara nukta. Nukta ni kiini, ndimo zilimo kromosomu, ndimo ulimo urefu, rangi, pua ya baba. Inayobaki ni ute, na ndani ya ute kuna mitokondria, vinu vidogo mno vya nguvu, laki na zaidi katika yai moja. Vinu hivi vina vinasaba vyake wenyewe, jeni 37 tu, ukilinganisha na zile elfu ishirini hivi za kwenye kiini. Kidogo, lakini si sifuri, na mtoto huvirithi kwa mama peke yake. Akaifuta nukta ya duara la pili kwa wino, akavuta mshale kutoka duara la kwanza. "Hii nukta yako inaingia humu. Humu mwake. Mtoto akizaliwa ana baba mmoja, mama mmoja wa kiini, na hizi 37 za mwanamke wa pili. Binti akizaliwa atazipitisha kwa wanawe."

Kisha akanionyesha video. Intaneti yao mbovu, ilikatika mara nne, lakini niliyoyaona sijayasahau. Yai lina upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Limeshikwa na kibomba cha kioo upande wa kushoto, limetulia tuli. Ganda lake la nje limetobolewa kwa mwali wa leza. Kulia inaingia sindano ambayo kusema kweli si sindano, ni mrija, na hauchomi. Unasogea mpaka karibu na kile kifungu cha kromosomu, ambacho kwa mwanga wa kawaida hakionekani. Wana mwanga wa namna yake unaokifanya kimeremete. Mrija unakivuta polepole, kinakuja pamoja na ute kidogo na kijingozi chake, kinarefuka kama tone la asali, kinakatika. Halafu kinawekwa chini ya ganda la yai la pili, ambalo lake limeshatolewa, pamoja na dawa iliyotengenezwa kwa kirusi kilichouawa, ya kuunganisha ngozi mbili ziwe moja. Ukitazama tena, huoni mshono.

Nimeshika sindano miaka 26. Nikasema mashallah, huyu ana mkono.

"Ana mkono," daktari akakubali. "Sasa niambie. Shida ya yai lako iko kwenye nukta, au kwenye ute?"

Swali hilo hakuna aliyepata kuniuliza, Mombasa wala Nairobi.

Akaniambia mayai yangu yote niliumbwa nayo tumboni mwa mama. Yana miaka 41 na ushei kama mimi. Kromosomu zimekaa zimeshikana jozi jozi muda wote huo zikingoja, na kishikizo chake huchakaa. Siku yai linapokomaa na kugawa, zinakwenda visivyo. Upande huu zinabaki 22, upande ule 24, badala ya 23. Kwa mwanamke wa umri wangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya mimba kutoshika na kuharibika. Na ile nukta inapohamishwa, yai limeshakomaa. Limeshagawa. Kosa la hesabu limo ndani ya nukta, linasafiri nayo.

Hapo nikamwelewa kuliko alivyotarajia. Kwenye kofia, ukikosea hesabu ya vitobo katika mstari wa kwanza, ua halikutani ukifika nyuma. Unaweza kuing'oa kazi yote uibandike kwenye kitambaa kipya kabisa, kitambaa cha bei, na ua bado halitakutana. Kitambaa kikiwa ndicho kibovu, sawa, badilisha kitambaa. Nikamwambia hivyo. Akacheka, akaandika pembeni ya boksi: "kitambaa / hesabu". Akasema atalitumia kwa wengine. Nimesamehe haki miliki.

Nikamuuliza, mbona watoto wamezaliwa? Maana kijitabu kinajigamba na mtoto wa 2016. Akasema ni kweli, amezaliwa, na kazi ilifanywa na John Zhang wa New York, ila ilifanyikia Mexico kwa kuwa Marekani hairuhusu. Lakini yule mama hakuwa na shida ya umri. Wazazi ni watu wa Jordan, walikwisha zika watoto wawili kwa ugonjwa wa Leigh, ugonjwa unaotokana na hitilafu kwenye vile vinu. Kwake kitambaa ndicho kilichokuwa kibovu. Mwaka uliofuata mamlaka ya dawa ya Marekani ikamwandikia Zhang barua aache kuitangaza huduma hiyo kwao.

Waingereza ndio waliotangulia kuitungia sheria, 2015, na sheria yao inasema ni kwa familia zenye ugonjwa mzito wa mitokondria tu, si kwa aliyechelewa kuzaa. Julai 2025 timu ya Newcastle ikatangaza watoto wanane. Hao walitumia njia ya pili: yai linarutubishwa kwanza, halafu vinahamishwa viini viwili pamoja, cha baba na cha mama, kabla havijaungana. Hii nayo ilipitia majonzi. Zhang huyohuyo na wenzake wa China waliijaribu kwa mwanamke asiyepata mtoto, ikashika mimba ya watatu, hakupona hata mmoja. Habari zake zilitoka 2003, na China ikapiga marufuku.

"Na sisi wa kukosa tu, bila ugonjwa, hakuna waliojaribu?" Wapo. Kyiv, Januari 2017, alizaliwa msichana. Ugiriki, Aprili 2019, mvulana, mama yake ana miaka 32 na IVF kadhaa zimekataa. Wagiriki hao wakishirikiana na watu wa Barcelona waliendelea mpaka wakafika wanawake 25, wakapatikana watoto sita. Nilipoisikia sita moyo ukaruka. Akanishusha pole pole: ni jaribio dogo, hakukuwekwa kundi la pili la kulinganisha, kwa hiyo hujui kama IVF ya kawaida ingewapa wangapi. Na katika wale sita, mmoja alizaliwa vinu vya mama yake vimerudi, kati ya asilimia 30 na 60, ingawa pale mwanzo vilivyobebwa na kiini vilikuwa vichache mno. Vimerudi vipi? "Hilo ndilo linalowanyima usingizi," akasema. Kwa yule mtoto halikuwa na dhara maana mama yake hakuwa mgonjwa wa vinu. Lakini uliyelipia kitambaa kipya, ukaletewa nusu kipya nusu cha zamani, utakuwa umenunua nini?

Kuna jaribio moja aliloliongelea kwa huruma, na nadhani nililipenda kuliko yote. Miaka ya 1990 New York, huyo Zhang na Jamie Grifo walijaribu kukihamisha kiini mapema zaidi, yai likiwa bado halijagawa, wakitumai ute wa msichana utausimamia mgawanyo uende sawa. Yaani kuwahi kabla ya kosa la hesabu. Hiyo ndiyo iliyokuwa inamlenga mtu kama mimi hasa. Haikufika mbali.

Nikatoa karata yangu ya mwisho. Kijana wa WhatsApp alikuwa ameshanambia kwamba hata mayai yakiisha si neno, siku hizi ngozi yako inageuzwa yai. Daktari akavaa miwani. Kweli, Septemba 2025 watu wa Oregon, kwa Shoukhrat Mitalipov, walichukua kiini cha seli ya ngozi wakakitia kwenye yai lililotolewa kiini chake, wakalilazimisha litupe nusu ya kromosomu. Walipata mayai 82 ya namna hiyo. Yaliyorutubishwa yakafika siku ya sita ni kama asilimia tisa, na kromosomu zake zimechanganyika ovyo. Wenyewe wamesema kuifikisha hospitalini ni kama miaka kumi mbele. "Wewe utakuwa na 51," akasema, na wote wawili tukacheka, mimi nikicheka machozi yananitoka. Akanisogezea tishu bila kusema lolote. Karatasi ya choo hakuna, tishu ipo. Kliniki hii ina mambo yake.

Sasa kasoro zake yeye mwenyewe, maana sikuja kumsifia mtu bure. Simu yake iliita mara tatu na mara mbili aliipokea. Kwenye asilimia alikuwa anakimbia, ikanibidi nimwambie, daktari, mie ni mshona kofia, rudia. Akarudia. Kuhusu ile namba ya kipimo changu cha damu cha AMH, 0.6, iliyoninyima raha mwaka mzima, aliieleza kwa dakika mbili akiwa anasimama, na kumbe ilikuwa jambo kubwa: inapima mayai yamebaki kiasi gani, haipimi ubora wake. Hilo lingestahili kiti. Na nilipomtumia swali kwa WhatsApp baada ya kurudi Lamu, alijibu siku ya nne.

Kilichonipendeza ni kwamba hakunifungia mlango. Alisema wazi kwamba kwa umri wangu njia yenye matumaini makubwa kitabibu ni yai zima la mwanamke mwingine, na akasema pia anajua kwetu Waislamu wa Sunni hilo halipiti. Fatwa ya Al-Azhar ya 1980 iliiruhusu IVF kwa yai la mke na mbegu ya mume katika ndoa, wa tatu asiingie. Je, huyu wa jeni 37 ni wa tatu? "Mimi daktari," akasema. "Hilo kawaulize wenyewe." Akaniandikia kwa mkono, Kiswahili, ukurasa mmoja na nusu, nimpelekee shekhe aelewe kinachoulizwa. Karatasi ile ndiyo iliyomtoa shekhe wetu jasho. Aliomba siku mbili, akaomba wiki, mwisho akasema yeye halihalalishi.

Lakini aliyelimaliza nyumbani ni mama. Nilimweleza kwa lile boksi la glavu, maana nililibeba. Akalitazama, akalizungusha, akauliza huyo mwanamke wa duara la pili yuko wapi. Nikamwambia hatajwi, ni siri ya kliniki. Akasema kwa Kiamu chake, "Hata mama wa ziwa hutaywa ina. Huyu wa yai utamuyuaye?" Yaani hata mama wa kunyonyesha hutajwa jina, huyu wa yai utamjuaje? Kwetu mtoto akinyonyeshwa na jirani, jirani yule anawekwa wazi, ili ndugu wa ziwa wasije wakaoana. Miaka yote ya sayansi, kurasa kumi na moja za kijitabu, na swali la jina la mwanamke huyo hakuna aliyeligusa.

Kiwanja cha Hindi bado kipo. Sisi hatujaamua kitu. Tutajaribu tena kwa yai langu mwenyewe au hatutajaribu, ni yetu. Kijana wa WhatsApp hajachoka. Juzi ameniletea "ofa ya mwisho", dola 13,500. Nikampigia picha lile boksi, nikamtumia, na chini yake nikaandika: yai changa la nani? Alama mbili za buluu. Mpaka leo naandika hapa hajajibu, na hajawahi kukawia hivyo.

Kwa atakayekwenda: daktari anaonekana Jumanne na Alhamisi. Ukitoka Lamu usiweke miadi ya asubuhi, lala Malindi kwa ndugu. Chukua maji yako na karatasi zako zote za vipimo, hata zile unazodhani hazina maana. Nenda na mumeo kama anaweza. Wangu alikuwa baharini, na kumweleza upya niliyoyasikia kulinichukua jioni tatu. Na mapokezi ukiulizwa mama nani, taja jina lako.